Mboga za Upande wa Moshi

Nilipika katika nyumba ya Bwana Thornley kwa miaka minane, na miaka saba ya kwanza sikuwahi kuosha jani la mboga nikasikia kichefuchefu. Naitwa Odero. Shamba lile lilikuwa nje kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa barabara ya Njoro, na reli ilipita chini yake. Memsab, mke wake, aliuza mboga kwa hoteli mbili za mjini na kwa behewa la chakula la treni ya Kampala. Sifa zote alipewa yeye, lakini kazi ilikuwa ya Naftaly Wasike.

Wasike alikuwa mtu wa Kimilili, mfupi, mwenye sauti ndogo, asiyekosa kanisa Jumapili. Bustani ile aliirithi kwa njia ambayo hakuipenda. Aliyemfundisha kazi alikuwa Mzee Kang'ethe, na mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, malori yalipokuja kuwakusanya Wakikuyu wa mashambani na kuwarudisha rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, mzee alipandishwa lori huku mikono ikiwa bado na udongo. Alipata nafasi ya kumwambia Wasike neno moja tu, kwamba saladi zimwagiliwe kabla jua halijapanda. Tangu siku hiyo Wasike aliitunza bustani kama mali aliyowekewa amana. Alikuwa na spinachi, saladi za aina mbili, karoti, figili, mishiri ile ya kuliwa na maganda yake, minji, kabichi, viazi, vitunguu na vingine ambavyo wazungu peke yao ndio waliovila. Alijua kila tuta lilipandwa lini.

Mwaka 1955 kikajengwa kiwanda cha mbolea kati ya shamba letu na mji, kando ya reli. Bwana Thornley ndiye aliyetoa kiwanja, na akawa mmoja wa wenye kiwanda. Mifupa ililetwa kwa mabehewa kutoka machinjioni, ikamwagwa nje kwenye lundo refu kuliko nyumba. Mingine ilikuja na nyama iliyooza ikining'inia. Nzi walitanda juu yake kama blanketi jeusi, na makorongo wale wenye vichwa vya upara walishinda hapo wakivutana matumbo. Mifupa ilipikwa, ikasagwa, ikamwagiwa dawa kali waliyoitengeneza wenyewe kwa kuchoma salfa, ile ya manjano. Bomba la moshi lilikuwa fupi. Asubuhi zenye ukungu moshi haukupanda. Ulitambaa juu ya nyasi ukaja kwetu taratibu, ukatuingia puani na kooni. Ulinuka kama njiti elfu za kiberiti zimewashwa ndani ya ngozi mbichi.

Memsab aliagiza madirisha yafungwe. Mimi jikoni sikuwa na dirisha la kufunga, lilikuwa na wavu tu. Nilipika huku nimejifunga kitambaa puani, na bado kila nilichoonja kilikuwa na ladha ya shilingi iliyowekwa ulimini.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, Wasike aliniletea karai la spinachi kama kawaida, akaliweka mezani na hakuondoka. Niligeuza jani la juu. Katikati ya mishipa kulikuwa na mabaka meupe, makavu, kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto ikaambuka. Mishipa yenyewe ilibaki kijani. Nilipolishika, baka likavunjika vidoleni. Nikageuza la pili na la tatu. Karai zima lilikuwa hivyo. Nilinawa mikono kwa sabuni mara mbili, na mimi ni mtu aliyekwisha kuchinja mbuzi wengi.

Memsab alipoyaona majani yale alimwita Wasike kwenye veranda, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Wewe naweka dawa mingi. Wewe nachoma mboga yangu." Wasike alieleza kwamba hakuwa amenyunyiza dawa tangu mwezi wa tatu. Hakusikilizwa. Bomba la kunyunyizia lilifungiwa stoo, ufunguo ukakaa kwa memsab, na Wasike akakatwa nusu ya posho ya wiki ile ili ajifunze.

Wiki mbili baadaye, bomba likiwa bado chini ya kufuli, saladi zikaungua.

Hapo ndipo Wasike alipoanza kutazama. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jioni moja alinishika mkono akanitembeza bustanini. Spinachi ilikuwa imekwisha. Saladi ya majani yaliyotawanyika ilikuwa imenyauka na kugeuka utelezi wa kahawia, lakini ile inayojifunga kama ngumi ilikuwa imeungua nje tu, na moyo wake bado mzima. Figili zilikuwa na majani ya madoa na mizizi midogo kama meno ya mtoto. Mishiri ilikuwa imekunja majani yake, rangi ya shaba. Karoti zilisimama, lakini ncha za majani zilikuwa nyekundu. Kabichi zilivumilia, kwa sababu jani lake lina nta. Viazi vilikuwa na madoa machache. Tulipofika kwenye vitunguu nilidhani tumeingia shamba la mtu mwingine, maana vilisimama wima, kijani, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mkono mmoja ndio umepanda zote," Wasike aliniambia. "Samadi ni moja, maji ni yale yale. Kama ni dawa yangu, mbona kitunguu kimepona? Kila mmea unapumua kwa njia yake, Odero. Ile yenye jani laini inakunywa huu moshi kama maziwa."

Alikuwa amefanya jambo lingine. Alichukua miche ya spinachi kutoka kitalu kimoja, akaipanda kwenye madebe manne. Mawili aliyaweka kwenye ua ulio karibu na kiwanda. Mawili alimpa Kipkoech, dereva wetu wa lori, ayaweke nyumbani kwa ndugu yake juu huko kwenye miteremko ya Menengai, mbali na moshi. Mwezi haukuisha kabla Kipkoech hajarudi na majani mapana, meusi kwa ukijani. Ya uani yalikuwa makaratasi.

Wasike aliyapanga madebe yote manne mbele ya veranda, akasubiri. Bwana Thornley alitoka, akayatazama, akamtazama Wasike, akasema yaondolewe yasichafue njia. Siku chache baadaye akamleta bwana shamba wa kizungu kutoka mjini. Huyo alikunywa chai, akatembea bustanini dakika kumi huku ameziba pua kwa leso, kisha akaandika kwamba mboga zimeharibiwa na vumbi la magadi linalopeperushwa kutoka ziwa la Nakuru linapokauka. Mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu mfululizo, na ziwa halikuwa na vumbi la kupeperusha. Mimi ndiye niliyemmiminia chai wakati akiandika, na leso ilikuwa mezani kando ya kikombe.

Hoteli zikaanza kurudisha vikapu. Hapo ndipo inapoanza sehemu yangu, na siipendi kuisimulia.

Memsab hakutaka hasara. Aliniamuru nichague. Majani yenye madoa machache niyakate kwa mkasi, nibakize sehemu ya kijani, yaende kwenye meza yao na kwenye treni. Yale mabaya yachemshwe kwenye pipa na kupelekwa kambini kwa vibarua kila jioni, bure. Alisema ni ukarimu. Nilikaa jikoni na mkasi kama fundi cherehani, nikikata mabaka. Vipande vilinata kwenye vidole. Yale ya pipa yalipochemka yalitoa povu la kijivu na harufu ya yai lililooza, na nilipoyakoroga yalikatika yakawa uji. Niliyatia chumvi nyingi. Niliyatia chumvi nikijua ninaficha kitu, na nikawapelekea watu ambao wengine wao walikuwa wa kwetu, tuliotoka Nyanza kwa treni moja.

Siku ya kwanza walikula. Siku ya pili wengi walimwaga nyuma ya nyumba. Siku ya tatu Wasike aliileta ndoo jikoni, ikiwa imejaa vilevile nilivyoipakua, akaiweka miguuni pangu.

"Wewe umeonja hii?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba ni amri ya memsab. Akarudia swali lake. Alichukua kijiko kwenye meza yangu, akachota, akaninyooshea. Sikukipokea. Akakirudisha ndani ya ndoo na kuondoka. Niliendelea kuchemsha wiki nzima baada ya hapo.

Mwezi wa tisa yakaja maonyesho ya ukulima ya Nakuru. Kiwanda kilikuwa na kibanda chake, na meneja wake, mzungu mnene aliyezoea kujipangusa shingo, alitaka meza ya mboga mbele ya magunia ya mbolea. Watu waone, alisema, mboga iliyokua jirani kabisa na kiwanda, kwa mbolea ya kiwanda. Bwana Thornley akakubali. Lakini mboga ilikuwa wapi? Bustani yetu ilikuwa kama kichwa cha mtu mwenye mashilingi, nywele zimenyonyoka mabaka mabaka. Basi siku moja kabla ya maonyesho bwana aliniita, akaniambia niende na Kipkoech kwa lori hadi Subukia, kwa rafiki yake mmoja, nichague mboga bora nilizowahi kuziona, na nisimwambie mtu yeyote zimetoka wapi.

Nilichagua vizuri. Hilo nalo lazima niliseme. Nilipita kwenye matuta ya huko, hewa ikinuka udongo uliolowa, nikachagua spinachi yenye majani ya upana wa sahani, saladi zinazotoa maji zikivunjwa, mishiri mirefu, karoti na mashina yake. Kwa dakika chache nilikuwa na furaha. Kisha nikakumbuka kazi yake.

Tuliporudi, Wasike alipewa kuziosha na kuzipanga. Alivuta karoti ya kwanza, akasugua udongo kwa kidole gumba. Udongo wetu ni wa kijivu, mwepesi kama jivu la jikoni. Ule ulikuwa mwekundu na ulinata. Alinitazama. Niliangalia kwingine. Aliambiwa pia kwamba kesho atavaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, asimame kando ya meza kama mtunza bustani wa shamba la Thornley, na akiulizwa aseme mboga ni zake. Nilitegemea akatae. Aliitikia tu kwa kichwa, akaendelea kuosha. Niliona kwamba karoti za safu ya nyuma hakuziosha.

Asubuhi ya maonyesho watu walikuwa wengi, wazungu kwa Waafrika, bendi ya polisi ikipiga. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda nikiandaa vinywaji vya meneja na wageni wake. Wanawake wa kizungu walisimama mbele ya meza wakizigusa spinachi na kusifu. Meneja alieleza. Alijipangusa shingo, akaeleza tena. Kila alipotaja hewa safi ya Bonde la Ufa niliinamia bilauri zangu.

Kabla ya saa sita akaja Bwana Ferris, jirani yetu wa upande wa pili wa kiwanda. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na malisho yao ya lusani yalikuwa yameungua mara mbili mwaka ule, yakawa meupe kama majani ya mkeka. Hakusema na meneja. Alimwendea Wasike moja kwa moja, kwa Kiswahili cha mtu aliyezaliwa Naivasha.

"Mboga hii umepanda wewe?"

Meneja aliacha kuzungumza. Bwana Thornley alikuwa hatua mbili tu.

"Hapana, bwana," Wasike alisema kwa sauti yake ile ndogo. "Hii imetoka Subukia jana. Mboga yangu imekufa kwa moshi. Imebaki vitunguu."

Bwana Thornley alicheka, akasema mtu huyu amechanganyikiwa na jua. Wasike alinielekezea mkono. "Muulizeni Odero. Yeye ndiye alikwenda na lori."

Wote wakageuka. Nilikuwa nimeshika trei ya bilauri. Nakumbuka nzi mmoja, mkubwa wa kijani, alikuwa ametua kwenye ukingo wa bilauri ya meneja akisugua miguu yake. Bwana Thornley alinitazama bila kukunja uso, kama anavyonitazama akisubiri supu.

"Mimi ni mtu wa jikoni," nikasema. "Mambo ya shamba siyajui."

Wasike alishusha mkono. Bwana Ferris alisogea mezani, akachukua karoti kutoka safu ya nyuma, akabandua udongo kwenye shina lake, akaufinya kiganjani na kuufungua mkono mbele ya watu. Ulikuwa mwekundu kama damu iliyokauka. Kila mkulima aliyekuwa pale aliujua udongo wa Nakuru. Waliondoka mmojammoja, na mwanamke mmoja alipangusa vidole vyake kwenye gauni kana kwamba amegusa kitu kichafu.

Nilienda nyuma ya hema la jirani nikatapika. Sikuwa nimekula kitu siku ile. Yalitoka maji machungu tu.

Wasike alifukuzwa jioni hiyohiyo. Alipewa mpaka asubuhi kuondoka kambini yeye na mke wake Rahab na binti yao Nafula. Sikwenda kuwaaga. Niliwaona kutoka kwenye wavu wa jikoni wakipita na godoro na sufuria, na Rahab hakugeuza uso kuelekea nyumba.

Bwana Ferris na wazungu wenzake wenye ng'ombe walipeleka malalamiko, na kwa sababu walikuwa wazungu walisikilizwa. Kiwanda hakikufungwa. Bomba la moshi lilirefushwa, likawa mara tatu ya lile la kwanza. Lusani ya Bwana Ferris ikapona. Hata spinachi yetu ikaanza kuota, na memsab akafurahi na kuajiri mtunza bustani mwingine. Mimi nikadhani mambo yamekwisha.

Mwezi wa pili mwaka 1957 nilisikia kwamba Wasike amepata kazi ya kutunza maua ya stesheni, na anaishi mjini kwenye landi, yale makazi ya wafanyakazi wa reli. Siku yangu ya mapumziko nikaenda. Sijui nilitaka nini. Nilipofika karibu na landi niliisikia harufu kabla sijaona nyumba. Moshi uliokuwa ukitambaa kwetu sasa ulipanda juu, ukachukuliwa na upepo wa mchana, ukapita juu ya mashamba ya wazungu na kushukia pale pale kwenye nyumba za wafanyakazi. Nyuma ya kila landi wanawake walikuwa na vishamba vyao vidogo. Rahab alikuwa ameinama kwenye kunde na maharagwe, aking'oa. Majani yalikuwa na yale mabaka meupe. Watoto walikuwa wakikohoa kama wazee.

Wasike alinikaribisha kwa adabu, akaniketisha kwenye kiti chao kimoja. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia nilidanganya kwa kuogopa kupoteza kazi, na kwamba nilikuwa nikisikia kinyaa kila nilipoushika mkasi ule. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kinyaa chako hakinisaidii mimi," alisema. "Kesho jioni watu wa landi wanakutana kwa sababu ya huu moshi. Wazungu wanatuambia ni maradhi ya mbegu. Njoo useme hapo."

Nilikwenda. Walikuwa kama watu sitini, wamesimama uwanjani. Niliwaeleza kuhusu madebe manne, kuhusu bwana shamba na leso yake, kuhusu lori la Subukia. Kisha nikasema habari ya pipa, na chumvi. Nilijua wengine walikuwa na ndugu waliofanya kazi kwetu. Mwanamke mmoja mbele yangu alifunika mdomo kwa leso yake, akaenda kando akatema mate. Sikuacha kusema. Karani mmoja wa reli aliliandikia baraza la mji barua kwa Kizungu, na jina langu likawekwa juu kama shahidi.

Siku kumi baadaye Bwana Thornley alikuja mlangoni mwa jikoni, mahali asipofika kamwe, akaniambia nifunge mizigo. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba nimemsikitisha. Nilimtazama yule mtu aliyekula vipande vya kijani nilivyokata kwa mkasi huku vibarua wake wakipelekewa yaliyobaki, na nikashangaa kwamba hata hatia hakuwa nayo ya kumfanya ainamishe macho.

Bomba halikuguswa. Baraza la mji liliwapa watu wa landi vishamba vingine juu ya reli, upande ambao upepo hauendi, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Rahab alipata kimoja. Wasike alimpandia maharagwe na kunde na sukuma, na vilikua. Kuhusu vifua vya watoto baraza halikuandika neno.

Mimi nilipata kazi katika hoteli ya Mhindi karibu na soko. Wasike na mimi tuliendelea kutembeleana. Aliniita nyumbani kwake Krismasi, na binti yake alinisalimia kama baba mdogo. Nadhani alinisamehe. Lakini alipokuja kwangu alikunywa chai tu, tena aliyojimiminia mwenyewe. Miaka yote tuliyojuana baada ya hapo hakutia mdomoni chakula nilichokipika mimi, na sikumlazimisha.